Nilivyofungwa Kamba na Byaombe Hadi Fizi

Tangu nirudi Uvira sijanywa chai kwa amani. Kila mwalimu anayeingia chumba chetu cha walimu ananiuliza habari za Fizi, na kila mmoja amekwisha kuletewa yake: huyu kaambiwa nilivunjika mguu, yule kaambiwa nilipata medali, na mke wa mkuu wa shule ameambiwa nimeoa. Basi naandika mara moja tu, msome, mniache na kikombe changu. Sitatia chumvi. Chumvi ilikuwamo yenyewe.

Mnajua kwamba Fizi kulikuwa na mashindano ya riadha ya wasioona, na mnajua nilijitolea kusaidia. Mimi nilidhani kujitolea ni kugawa maji na kupiga makofi kivulini. Lakini siku mbili kabla ya safari, kijana aliyekuwa amezoea kukimbia na Byaombe alishikwa na malaria. Kocha Odette, mama mwenye kusimamia wakimbiaji wa Uvira, akanitazama kuanzia kitambi kwenda chini, akasimama kwenye viatu.

"Mwalimu," akasema, "we njo mutu pekee iko na raba."

Byaombe ni yule fundi wa nyavu wa ufukweni, mrefu, mwenye mdomo mwingi, ambaye haoni tangu utotoni. Anapokimbia hufungwa kamba fupi mkononi, na ncha ya pili hufungwa mkononi mwa mtu anayeona, ambaye hukimbia ubavuni mwake akimwambia njia. Mtu huyo sasa nilikuwa mimi. Nilimuuliza Odette kama si lazima anayeongoza awe na mbio kuliko anayeongozwa. Akasema ndiyo, ni lazima, halafu akaenda zake.

Uvira hadi Makobola

Kamyo, lile lori la mizigo, ilikuwa iondoke saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili tulikuwa tumefika sisi. Shoferi alifika saa tatu, akampa kila mtu mkono, akauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja, kisha akakumbuka kwamba hajanywa chai. Saa nne na nusu tukapanda juu ya mzigo, ambao ulikuwa viti vya plastiki vya wageni wa mashindano. Kila tulipoingia shimo viti viliteleza, nasi tukateleza navyo, hata nikajikuta nimekaa upande ambao sikuuanzia.

Byaombe alikuwa ametulia kama yuko kwake sebuleni. Amezaliwa Mboko, amepita barabara hii tangu akiwa mtoto, kwa hiyo akaniambia nisijisumbue kutazama, yeye atanitangazia kila kijiji.

"Vuta pumzi, Mwalimu. Unasikia harufu ya ndagala? Ile njo Mboko. Tumefika kwetu."

Nikatazama. Tulikuwa hatujaiacha hata Kalundu, pale pale Uvira. Ndagala, wale dagaa wakavu, zilikuwa kwenye gunia la mama aliyekaa nyuma yetu.

"Tuko Kalundu," nikamwambia.

"Basi harufu ya Mboko imekuja kutupokea," akajibu, wala haya hakuona.

Ndipo aliponieleza kwa nini anaitaka sana medali hiyo. Ana mchumba, Neema, ambaye hununua ndagala ufukweni Uvira na kuzipandisha Fizi kwa mama yake. Neema amekubali. Wajomba wamekubali. Aliyekataa ni mama, na sababu yake, rafiki zangu, mimi sijapata kuisikia nyingine kama hiyo.

Mnazijua desturi zetu, ila kwa ajili ya wageni nitasema. Mwanaume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, hutoka kando, aingie hata kwenye mihogo ya watu, ageuze mgongo mpaka mama apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mama Neema hakuwa na neno juu ya macho ya Byaombe wala kazi yake. Alikuwa na swali moja, na alilituma Uvira kwa mdomo wa kila msafiri: "Mukwe mwenye haonake, atanitokea mu njia namna gani? Siku moja atanigonga kifua ku soko, mbele ya batu. Sura yangu nitaficha wapi?"

"Na we ulimujibu nini?" nikamuuliza.

"Ningejibu nini? Iko na haki." Akaizungusha mkononi ile kamba yake ya mbio. "Lakini nikipanda kule na nafasi ya kwanza, Mwalimu, na medali ku shingo, atasema nini tena? Atakuja ku uwanja, Neema alinihakikishia. Hii njo mara yangu ya mwisho. Akikataa tena, bajomba bamesema bataacha."

Nikaitazama miguu yangu, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kweli.

Pale Makobola shoferi alizima muziki. Mama mwenye ndagala alishusha sauti, tukapita kimya. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana hakuna asiyejua habari za watu waliouawa pale wakati wa vita. Mbele kidogo muziki ukarudi.

Makobola hadi Nundu

Kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, tuliamriwa kushuka wote na kuvuka kwa miguu. Sasa mimi nilikuwa nimevaa miwani myeusi kwa ajili ya vumbi, na kamyo ni ya juu, na sipendi kuruka. Byaombe aliruka kwanza kama mbuzi, akanyoosha mikono, akanipokea. Askari mmoja aliona hayo kwa mbali: mtu mnene mwenye miwani myeusi, anapapasa hewa kwa mguu, anateremshwa na kijana mwenye kamba mkononi. Akaja mbio akanishika kiwiko.

"Pole pole, papa. Jiwe iko mbele. Inua muguu."

"Mimi naona," nikasema.

"Ndiyo papa, kwa jina la Bwana utaona."

Byaombe alicheka mpaka akakaa chini. Askari akamgeukia kwa hasira ya haki kabisa. "We! Unacheka mutu mwenye haonake? Bazazi bako habakukufundisha?"

"Unisamehe, mukubwa," Byaombe akasema akijifuta machozi. "Ni uchovu. Niko namuongoza tangu Uvira."

Nilivushwa bariyeri nimeshikwa pande mbili. Mama mmoja muuza ndizi alinionea huruma, akanitia kichane kizima kifuani bila kutaka kitu. Nilikila. Msinihukumu, ilikuwa saa nane na sikuwa nimetia kitu mdomoni. Byaombe alidai nusu, kwa hoja kwamba ule upofu ulikuwa wake.

Tulipita Mboko, Byaombe akaapa kwamba ni Lusenda. Halafu kufika Nundu pine, yaani tairi, ya nyuma ikapasuka. Shoferi alisema tusiwe na wasiwasi, pine nyingine anayo, nzuri, mpya, iko nyumbani kwake Baraka. Tukalala Nundu, kila mtu na viti vyake vinne vya plastiki. Jaribuni siku moja. Unaamka na alama za matundu ubavuni, kama kitumbua kilichobanwa.

Baraka

Tuliingia Baraka kesho yake mchana juu ya lori jingine lililotuonea huruma, kamyo yetu tumeiacha Nundu, na hapo nitaeleza chakula kwanza. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alitupikia mikeke wabichi wa asubuhi ile, wa kukaanga, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakalegea, na bugali wa muhogo ambao ukiukata unakurudishia kidole. Nilimaliza samaki wanne. Odette, aliyekuwa ametangulia Baraka, alikuja akanikuta kwenye wa tano, akamwondoa mbele yangu kwa mkono wake mwenyewe.

"Kesho kutwa utakimbia na hii tumbo?"

Akatupeleka ufukweni kufanya mazoezi, na akatoa amri kwamba tangu saa ile mpaka mashindano tusifunguliwe kamba mchana kutwa, ili tuzoeane. Ruhusa ilikuwa ya chooni tu, nayo kwa kuomba.

Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi. Mimi natamka neno moja: kushoto, kulia, mbele, simama. Byaombe anafuata. Ni rahisi ukiwa na pumzi. Byaombe alipoondoka kwenye ule mchanga nilidhani nimefungwa kwenye ng'ombe aliyeona majani. Hatua ya ishirini sikuwa na neno hata moja kinywani. Nilitoa tu sauti, naye akawa anakisia. Tulipita wavuvi waliokuwa wanaanika nyavu, na nikamsikia mama mmoja akimuuliza mwenzake:

"Ule munene ameiba nini?"

"Sijui. Lakini ule murefu amemukamata muzuri."

Watu wakaanza kutufuata. Odette alichukua muda kuwaeleza kwamba mimi si mwizi, na kwamba ni mimi ninayemwongoza yule mwingine. Hilo la pili hawakulikubali mpaka tunaondoka Baraka.

Jioni, tumekaa mlangoni tumefungwa pamoja kama mbuzi wa sokoni, Byaombe akavuta kamba kidogo.

"Mwalimu, nikuombe kitu. Kule Fizi, ukimuona Mama Neema, fasi yoyote, uniambie palepale. Hata niko nakula. Hata niko nalala. Usingoje afike karibu. Utanitumikia macho kwa hiyo moja, ingine yote nitajipanga."

"Nitakuambia."

"Uape."

Nikaapa. Nilikuwa nimeshiba, na mtu aliyeshiba huapa bila kufikiri sana.

Baraka hadi Fizi

Kamyo iliendelea kungoja pine, maana pine ile mpya ilionekana kuwa imeazimwa na shemeji. Tukapanda pikipiki: mwenyewe mbele, Byaombe katikati, mimi nyuma nimeshikilia chuma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Hadi chini ya milima tulikwenda vizuri, kisha barabara ikaanza kupanda, udongo mwekundu, na pikipiki ikaanza kulia.

Mwenye pikipiki alisimama, akatutazama wote wawili, akachagua.

"Papa munene ashuke."

"Tumefungwa pamoja," nikamwambia, na kumwonyesha kamba.

Akatazama kamba, akatazama miwani yangu, akaamua kutouliza. Tukashuka wote. Byaombe akasema ni bahati nzuri, ni mazoezi, akaanza kupanda mbio nyuma ya pikipiki tupu, na mimi nikapanda naye maana sikuwa na hiari. Wakulima walisimamisha majembe. Watoto walihesabu mara ninazoanguka. Byaombe alikuwa akinipigia kelele za kunitia moyo: "Kuraje, Mwalimu! Kushoto iko nini?" "Shimo!" "Kulia?" "Shimo!" "Basi tupite katikati, unalia nini?"

Tuliingia Fizi tukiwa rangi moja na barabara. Neema alikuwa anatungoja penye nyumba za kwanza, msichana mfupi mchangamfu, akatucheka wote wawili kwa haki sawa. Kisha akashusha sauti.

"Mama atakuja kesho. Atapika mapema, amesema anataka kuona na macho yake. Byaombe, tafazali, ukimbie muzuri."

"Nitashinda," akasema Byaombe. Alisema bila mzaha, na hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye ana hofu.

Uwanja wa Fizi

Uwanja ni ule wa mpira, umepakana na ukuta wa shule. Chokaa iliisha nusu ya njia, iliyobaki ikachorwa kwa majivu. Mchezo wetu ulikuwa kuuzunguka uwanja mara moja. Wakimbiaji wanne, waongozaji wanne. Yule wa Lulimba alikuwa na mwongozaji mwembamba aliyeonekana kuchongwa kwa kazi hiyo. Nilimchukia mara moja.

Fizi nzima ilikuwapo. Bamama wa kwaya wa makanisa mawili walikuja na ngoma zao, kila kwaya na upande wake, kila moja ikijaribu kuifunika nyingine. Filimbi ikalia, na ninaapa sikuisikia. Niliondoka kwa sababu mkono wangu uliondoka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kila mtu anapoharibu hadithi. Mstari wa kwanza wa uwanja tulikuwa wa tatu. Kwenye kona ya pili nilisema "kushoto" vizuri kabisa, Byaombe akakata kona kama anayeiona, tukampita mtu wa Lubondja. Upande wa pili tukawapita wa Lulimba, na yule mwembamba alinitazama kwa mshangao ambao nitaukumbuka mpaka nizeeke. Tulikuwa mbele! Mimi, mwalimu wa darasa la nne, nilikuwa mbele ya watu! Kifua kilikuwa kinawaka, machozi yananitoka, na sikuwa na pumzi ya maneno mawili. Ilibaki kona moja, kisha mstari.

Pale kwenye kona, hatua moja tu nje ya majivu, alikuwa amesimama mama mmoja wa makamo, kitenge cha njano, mwavuli mkononi, ametulia kabisa. Kivuli kilikuwa ukutani, viti vilikuwa kivulini, lakini yeye alisimama pale juani peke yake. Pembeni mbali kidogo nilimwona Neema ameshika kichwa kwa mikono miwili, akimkodolea macho mama huyo, nikajua ni nani. Mpaka leo sijamuuliza yule mama alifikaje pale, na sitamuuliza.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri. Kwamba nilipima kiapo changu upande huu na medali upande ule. Sikufikiri. Nilikuwa na pumzi ya neno moja, nalo likatoka lenyewe.

"Mukwe!"

Byaombe hakuuliza ni wapi. Alikata kulia kama aliyesukumwa, akatoka nje ya majivu, nami nikaruka nyuma yake. Tukapita katikati ya kwaya ya kwanza, ngoma ikabiringika. Tukafika kwenye beseni la mama muuza maandazi, na hilo beseni nililiingia mimi, yeye aliliruka. Hakusimama mpaka kifua chake kilipogusa ukuta wa shule. Hapo akageuza mgongo uwanjani, akainamisha kichwa, mikono ameikunja mbele yake kama kijana anayengoja barua ya posa isomwe.

Nyuma yetu wakapita Lulimba, wakapita Lubondja, wakapita na wale wa mwisho.

"Turudi!" nikamwambia. "Bado!"

"Ameondoka?"

Nikatazama. "Hapana. Iko palepale."

"Basi siwezi."

"Byaombe! Medali!"

"Mwalimu," akasema, "nitamupitia mbele namna gani?"

Odette alikuwa anapiga kelele ambazo sitaziandika. Kamba ilikuwa bado mikononi mwetu, kwa hiyo hatukuwa tumetolewa. Mwishowe ikabaki njia moja tu: tukaizunguka shule yote kwa nyuma, tukapita vyoo, tukapita jiko, tukatokea upande wa pili, na tukauvuka mstari wa mwisho tukitoka upande ambao wengine walikuwa wanakwenda. Mwamuzi hakujua atuandike vipi. Uwanja ulikuwa umelala chini kwa kicheko. Nilikuwa na andazi kolani.

"Tumekuwa ba ngapi?" Byaombe akauliza.

"Ba mwisho."

Alijifungua kamba mwenyewe, polepole, akaikunja vizuri na kunipa. Hakusema lolote mpaka tulipolala. Byaombe akinyamaza ni msiba. Nilikaa karibu naye nikijilaumu, maana ningefumba tu mdomo huu angekuwa na medali, na nani angejua.

Fizi, kabla ya kurudi

Asubuhi Neema alikuja kutuita. Macho yake yalikuwa mekundu na sikuweza kujua ni ya kilio gani. Alisema mama yake anataka kuniona mimi, na kwamba yule mwenzangu anaweza kuja naye, asimame nyuma.

Mama Neema alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anabambua karanga, ametupa mgongo. Kitenge kilikuwa kilekile cha njano. Byaombe akasimama hatua kama tano.

"Iko upande gani?" akaninong'oneza.

Nikamshika mabega nikamgeuza kabisa, naye akampa mgongo. Mimi nikasimama kando, katikati yao.

"Mwalimu," Mama Neema akasema, bila kugeuka, "umwambie ule mwenye ulikuja naye."

"Ndiyo, mama."

"Jana nilisimama mu kona. Batu sita balinipita mbio, na batatu kati yabo benye macho mazima. Hakuna hata mumoja alisogea. Balinijaza mavumbi mpaka mu kinywa." Akabambua karanga moja, akaitupa kwenye ungo. "Mwenye haonake, yeye peke yake njo alinitokea mu njia. Aliacha na zawadi yake. Umwambie alete kinywaji ya posa, akuje na bazee bake."

Byaombe alikuwa pale pale, amesikia kila neno. Lakini desturi ni desturi. Nikamgeukia nikamrudishia yote, hata mavumbi. Aliinua uso juu, na machozi yakamshuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema. Kisha Byaombe akasema:

"Umwambie mama, aksanti. Aksanti mingi sana." Akainua kidole. "Na umwambie, siku ingine asimame nyuma ya mustari ya mwisho. Nimutokee njiani nikisha kushinda."

Nikamgeukia mama nikamwambia. Mkono wake ukasimama juu ya karanga. Mabega yakaanza kumtikisika, kwanza kidogo, halafu sana, na ya Byaombe yakafuata. Wakabaki hivyo, migongo ikitazamana, kila mmoja akimficha mwenzake kicheko chake kwa heshima, na aliyekuwa anaziona nyuso zote mbili nilikuwa mimi peke yangu.